Mashua Iliyolipa Karo Yangu

Baba, fundi wa mashua, alikuwa na daftari moja tu maishani mwake. Jalada la buluu, nyuma jedwali la kuzidisha, kurasa zimejaa alama za vidole vyenye sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia vyombo. Ndani aliandika vitu vitatu: mbao zilizoingia, vyombo vilivyotoka, na karo. Alipofariki 2022 ndugu zangu walinikabidhi mimi, wakasema ndiye msomi wa nyumba. Usiku baada ya hitima nililifungua, nikafika ukurasa wa Septemba 2015. Kwa kalamu nyekundu: "Mashua futi 24. Imeuzwa kabla ya kalafati," yaani kabla nyufa zake hazijazibwa. Nikalifunga.

Mashua hiyo ndiyo iliyonipeleka chuo kikuu. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi hunijia barazani kuniuliza kama kweli elimu inalipa. Nilisomea uchumi miaka minne, jibu la darasani ninalo. Jibu la nyumbani kwetu Matondoni, kisiwani Lamu, ni refu kidogo, na sehemu yake inaniaibisha, lakini ndilo ninaloandika hapa.

Niliingia darasa la kwanza Januari 2003, mwezi uleule serikali mpya ya Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi. Nchi nzima zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka shuleni mwaka ule. Kwetu dawati la watu watatu lilikaliwa na sita, na waliochelewa walikaa chini. Sisemi kwa kulalamika. Bila amri ile labda ningekuwa napiga misumari tangu nina miaka kumi. Lakini nilifika darasa la sita sijui kugawanya desimali, na sikuwa peke yangu. Kilichoniokoa ni ami yangu, karani mstaafu, aliyenikalisha barazani kila baada ya alasiri na slati na kijiti. Wenzangu wasio na ami wa namna hiyo walikaa miaka minane ileile, shule ileile, wakatoka na kitu kingine kabisa. Baadaye chuoni nikasoma kazi ya mchumi Eric Hanushek, anayesema kinachokuza uchumi wa nchi ni kile watoto wanachokijua, si idadi ya miaka waliyoketi darasani. Nikacheka peke yangu maktaba. Ami alijua hayo bila takwimu.

Sekondari nilianza 2011. Tangu 2008 serikali ilikuwa ikimlipia kila mwanafunzi wa sekondari ya umma shilingi 10,265 kwa mwaka, za masomo. Bweni halimo. Godoro halimo, sare haimo, wala nauli ya basi kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara. Shule yangu ilikuwa ya bweni, bara, na katika daftari la baba miaka ile minne inakula kurasa nyingi kuliko mbao.

Katikati ya kurasa hizo kuna karatasi imekunjwa mara nne. Ni barua ya mdogo wangu wa kike ya kuitwa kidato cha kwanza, ya 2013. Mtihani wa darasa la nane alipata alama 352. Mimi nilipata 327.

Nilikuwa likizoni siku ile ilipofika. Baba aliisoma amesimama karibu na chombo, tezo bado mkononi. Akampa mama. Mama akanitazama mimi, kisha akatazama pembeni. Usiku baba akamwita dada, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mshika mbili moya humponyoka. Ndugu yako yuko kidato cha tatu. Akimaliza, zamu yako." Dada akasema, "Naam baba." Zamu haikufika. Alikaa nyumbani akisuka mikeka ya miyaa pamoja na mama, na 2015 akaolewa. Hakuna aliyemkosea kwa makusudi, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Basari zilikuwepo, za mfuko wa eneo bunge na, baada ya muda mfupi, za kaunti. Hakuna mtu nyumbani aliyejua fomu zinatolewa mwezi gani. Baba alisikia habari za basari mara ya kwanza kutoka kwa mteja wake, mwaka mmoja baadaye, wakiwa wanapatana bei ya dau.

Mwaka 2018, nikiwa mwaka wa tatu chuoni, tulipewa kusoma mapitio ya wachumi George Psacharopoulos na Harry Patrinos. Walikusanya tafiti za nchi nyingi wakakuta kwamba, kwa wastani, kila mwaka mmoja wa shule humwongezea mtu kipato kwa karibu asilimia 9. Ni faida kubwa, benki haikupi. Kisha kukawa na mstari unaosema kwamba kwa wanawake faida hiyo huzidi ya wanaume kwa takriban pointi mbili. Niliusoma mstari ule mara tatu. Kwa hesabu ya wachumi, baba alipanda mbegu mahali penye rutuba ndogo zaidi. Nilipompigia dada simu jioni ile, nilimuuliza habari za watoto tu.

Sasa turudi kwenye mashua, maana hapo ndipo makosa yangu mwenyewe yalipo.

Nilimaliza kidato cha nne 2014, nikapata B+. Nikarudi nyumbani nikakaa. Nilimsaidia baba kushika mbao, nilicheza mpira, nilisubiri. Miezi tisa nzima sikwenda kuomba kitambulisho. Niliona ni jambo la siku moja. Kosa la pili: uchaguzi wa kozi nilimwachia kijana wa saiba, duka la intaneti pale mjini, kwa shilingi 200. Aliniuliza, "Wataka nini?" Nikasema kitu kizuri. Akabonyeza. Nikapata uchumi, chuo cha Nairobi. Sijutii uchumi, lakini hakuna baharia anayemwachia mpita njia usukani wake.

Barua ya chuo ilipokuja ndipo nikaambiwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, unataka kitambulisho. Nikaenda kuomba. Sisi watu wa visiwa vya karibu na mpaka tulikuwa tunapigwa msasa kwanza: unakaa mbele ya wazee wa kamati, unaulizwa babu yako alizaliwa wapi, unatoa vyeti. Cheti changu cha kuzaliwa kilimwandika baba kwa "Mohamed", kitambulisho chake kikasema "Muhammad". Herufi hizo zilinirudisha nyumbani mara mbili, kwa kiapo cha mahakamani na barua ya chifu. Kitambulisho kilitoka Novemba. Dirisha la mkopo lilikuwa limefungwa, na chuo kilikuwa kimefunguliwa Septemba.

Karo yenyewe kwa mwanafunzi aliyepelekwa na serikali wakati ule ilikuwa 16,000 kwa mwaka, si nyingi. Kilichoumiza ni vinginevyo: ada ndogondogo, chumba cha 3,500 kwa mwezi, chakula, nauli. Jumla ilikaribia 90,000 kwa mwaka wa kwanza, na nyumbani kulikuwa na deni la sekondari bado. Baba hakuwa na fedha taslimu. Alikuwa na mashua.

Ilisimama ufukweni juu ya magogo, nyuma ya nyumba ya jirani. Mkuku umekwisha, mataruma yote yamepigwa, mbao zimepanda mpaka juu. Ilibaki kuziba nyufa kwa pamba, kupaka, kuweka mlingoti. Miezi mitatu ya kazi. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akijifunza kwa baba, ndiye aliyetoboa nusu ya matundu yake kwa keekee. Mnunuzi alikuja asubuhi, akaizunguka mara mbili, akagonga mbao kwa kidole, akataja 140,000. Baba hakupatana naye. Jambo hilo peke yake lilinitisha, kwa sababu sijapata kumwona baba akikubali bei ya kwanza, hata ya papa mkavu.

Hesabu yake niliifanya miaka mingi baadaye. Ikimalizika ingeuzwa 320,000. Kumalizia kungegharimu kama 40,000. Maana yake, baba aliacha 280,000 ya Desemba ili ashike 140,000 ya Septemba. Riba ya asilimia mia kwa miezi mitatu. Na mkopo ambao ungeziba sehemu kubwa ya pengo, ambao niliukosa kwa uvivu na kwa herufi, ulikuwa wa riba ya asilimia 4 kwa mwaka.

Nadhani hapo ndipo pana siri ya jambo lote, na wachumi wameliandika kwa namna yao. Benki itakupa fedha ukiweka shamba rehani, hata mashua iliyomalizika. Haiwezi kuchukua rehani akili ya mtoto. Ndiyo maana serikali huingia na mikopo ya wanafunzi. Lakini mkopo ukiwepo na wewe hujui tarehe, ni kama haupo. Mwenye nacho anamlipia mtoto wake kutoka mfukoni, asiye nacho anauza chombo kabla ya kalafati. Watoto wawili wanakaa benchi moja chuoni, karo ileile, cheti kilekile, na nyuma yao nyumba moja imebaki ilivyokuwa na nyingine imerudi nyuma miaka mitatu. Ikitangazwa kwamba nafasi ni sawa kwa wote, sote tunapiga makofi.

Kwa hiyo, aliye na mtoto kidato cha tatu au cha nne, anisikilize hapa. Linganisha majina sasa: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, vitambulisho vya wazazi. Herufi moja ikipishana, irekebishe kabla hujahitaji. Akitimiza miaka 18, wiki hiyohiyo aende kuomba kitambulisho. Kozi achague mwenyewe, na aulize waliomaliza kozi hiyo wanafanya nini, si jina lake linasikikaje harusini. Aliyepata C- anaingia diploma, na chini ya hapo kuna kozi za vyeti vya ufundi. Si mwisho wa dunia, nitaeleza kwa nini. Tena tangu mfumo mpya wa 2023, mwanafunzi wa chuo kikuu anaomba mwenyewe ufadhili na mkopo, na kiasi anachopata hutegemea maelezo aliyotoa kuhusu hali ya nyumbani. Asiyeomba hapati. Asiyeeleza vizuri hupata kidogo. Fomu ile msijaze saiba kwa haraka huku watu wamepanga foleni nyuma yenu.

Miaka ya chuo siielezi sana. Nilikula maharagwe. Mkopo niliupata kuanzia mwaka wa pili, 40,000 kila mwaka, jumla 120,000. Nikamaliza 2019.

Agosti 2019 nikapata kazi ya kuhesabu watu katika sensa. Siku chache, malipo mazuri, nikajiona nimeanza. Kisha hakuna. 2020 ikaja korona, mitaa ya Lamu ikanyamaza, hoteli za Shela zikafunga milango. Nilituma barua za maombi mpaka mwenye duka la fotokopi akawa ananipunguzia bei. Kila mahali ni uzoefu wa miaka mitatu. Nikamkumbuka mwalimu wangu wa takwimu: wastani ni kama kuambiwa kina cha mlango bahari kwa wastani ni pima mbili, waweza kuzama vilevile. Ile asilimia 9 ni kweli, lakini ni wastani, na sehemu kubwa ya tafiti zake hupima watu wenye mishahara. Kenya zaidi ya asilimia 80 ya walio kazini wako katika sekta isiyo rasmi. Ukisoma uchumi kisha ukarudi kisiwani, unatoka nje ya hesabu kwa muda.

Na huku nikisubiri, deni lilikuwa linakua. Ukimaliza chuo unapewa mwaka mmoja, baada ya hapo unatakiwa kuanza kulipa, na akaunti iliyolala hutozwa faini ya 5,000 kila mwezi. Niliwaza kwamba asiye na kazi hadaiwi. Sikuandika barua, sikupiga simu, sikulipa hata mia tano. Nilipokuja kuangalia, 120,000 ilikuwa imepita 200,000. Hili ni kosa langu tupu. Huna kazi? Wajulishe, kwa maandishi, utunze nakala. Na uwe macho, kwa sababu mara kwa mara hutangazwa msamaha wa faini kwa wanaolipa.

Mdogo wangu wa kiume yeye aliacha shule kidato cha pili. Mashua ilipouzwa na kazi kwa baba ikapungua, alikwenda mjini kwenye gati, akawa anabeba mizigo, kisha anashika spana, kisha anafungua injini za boti mwenyewe. Nilipohitimu alikuwa amekwisha kula pesa zake miaka minne. 2020 ndiye aliyenilisha. Sitaficha: niliona aibu kila aliponitumia 500 kwa simu na ujumbe, "Kaka, ya vocha."

Mei 20, 2021 bandari ya Lamu ilipokea meli yake ya kwanza, Rais Uhuru Kenyatta akiwapo. Mradi wenyewe ulizinduliwa Machi 2012, Kibaki akiwa na Meles Zenawi na Salva Kiir, nami nikiwa kidato cha pili. Mwalimu alituambia someni, kazi zinakuja. Zilikuja. Tangazo moja nililisoma kwa sauti kwenye baraza pale Langoni, wazee wakinisikiliza: cheti cha nahodha, cheti cha mitambo, cheti cha usalama baharini. Mzee mmoja aliyevuka bahari ya kusi miaka thelathini akauliza, "Na kujua bahari, hawakuandika?" Sikuwa na la kumjibu. Mchumi Mholanzi Jan Tinbergen alieleza jambo hili zamani kama mbio kati ya elimu na teknolojia: mitambo ikitangulia na elimu ikabaki nyuma, wale wachache wenye ujuzi unaotakiwa hulipwa zaidi na zaidi, na pengo hupanuka uchumi ukiwa unakua. Mimi nilikuwa na digrii isiyotakiwa pale, mzee alikuwa na ujuzi usio na karatasi. Tukanywa kahawa.

Jioni ile nikamuuliza mdogo wangu kwa nini hatengenezi boti za ofisi za serikali, ambazo hulipa vizuri. Akasema hawampi, hana cheti. Nikasema, cheti cha kazi hiyo si lazima ukae darasani. Sijui kwa nini sikuwahi kufikiri kabla. Mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, hutoa mtihani wa ufundi kwa daraja, kuanzia la tatu. Unapimwa kwa kazi unayoijua tayari. Nilimjazia fomu, nikamsomesha maswali ya nadharia wiki tatu usiku, Kiingereza chake kikiwa kimepata kutu. Akafaulu. Tukasajili biashara. Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, nikamwandikia maombi. Zabuni ya kwanza tulikosa kwa sababu nilisahau kuambatisha cheti cha kodi. Ya pili tukapata: injini nne za boti. Usiwe na haraka ya kutuma; hesabu viambatisho kama anavyohesabu mama vyombo baada ya harusi.

Mimi mwenyewe nilipata kazi Septemba 2021, mhasibu wa chama cha akiba na mikopo cha wavuvi. Mshahara 22,000. Msimu wa kaskazi mdogo wangu hunizidi mara mbili, msimu wa kusi bahari ikichafuka hana kitu, nami bado nina 22,000. Kwa pesilipu hiyo nilichukua mkopo tukanunua vifaa vyake. Ukitazama mshahara wangu peke yake, mashua ya baba ilipotea. Ukitazama daftari la mdogo wangu, utaona kipato chake kiliruka mwaka ule nilipokaa naye na fomu. Elimu yangu ilizaa matunda kwenye shamba la mtu ambaye hakuwahi kumaliza kidato cha pili. Katika takwimu, ongezeko lake litaandikwa ni la uzoefu wake.

Siku hizi Jumamosi nakaa barazani na vijana wa kidato cha nne na orodha ya tarehe nimeibandika ukutani. Silipwi. Mke wangu analalamika kidogo, ana haki.

Mwezi wa nane mwaka jana dada alinijia, mtoto wake wa mwisho mgongoni, akaniuliza kama mtu wa miaka 27 bado aweza kuingia chuo cha ufundi kwa cheti cha darasa la nane. Anataka ushonaji, mitambo ya umeme, si cherehani ya mguu. Nikamwambia aweza. Akakaa kimya, kisha akasema, "Ile barua yangu, baba aliitupa?"

Nikaenda ndani nikaleta daftari. Aliifungua ile karatasi polepole, mikunjo yake imekuwa myeupe, akaisoma yote mpaka kwenye orodha ya vitu vya kubeba: ndoo moja, sabuni, kandambili. Akaikunja upya mara nne, akairudisha mahali pake. Mimi nikafungua ukurasa mtupu wa mwisho na kuandika kwa kalamu nyeusi: "Ushonaji, muhula wa kwanza. Basari imeombwa wiki mbili kabla ya tarehe."